Kisahani cha Tundu la Saba

Fundi akistaafu hustaafu mikono tu. Mdomo huendelea na kazi. Baba wa binti mmoja aliyeitwa Sikio alikuwa hivyo. Alikuwa amefunga mabomba ya kuzimia moto katika majengo mengi ya mji ule, yale mabomba mekundu yanayopita juu ya dari yakiwa yamejaa maji usiku na mchana, yakingojea moto ambao kila mtu anaomba usije. Sasa mgongo ulikuwa umemkatalia ngazi, na kilichobaki kilikuwa kukaa sebuleni na kuyafunga mabomba yale upya kwa maneno. Jirani akija kuomba chumvi aliondoka na chumvi pamoja na historia ya bomba.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya visahani. Ukitoboa bomba kubwa ili ulipachike bomba dogo, kuna kipande cha chuma cha mviringo kinachokatika, kina kitobo katikati, mfano wa kisahani cha mtoto cha kuchezea. Fundi mvivu hukiacha kidondokee ndani, akafunga, akaenda zake. Kisahani hulala humo miaka na miaka bila kumsumbua mtu, hadi siku ya moto, maji yanapokuja kwa kasi. Siku hiyo ndipo nacho hushika safari, kikaziba njia, na watu wakaungua chini ya bomba lililojaa maji. Kwa hiyo fundi wa kweli hukitoa kila kisahani na kukifunga kwa waya kando ya tundu lake, kining'inie pale, ili atakayekuja baadaye aone kwa macho yake kwamba hakuna kilichobaki ndani. Baba alizidisha hapo. Kila kisahani alikikwaruza kwa msumari namba ya tundu lake, na pembeni ya namba akachora mkia wa samaki, alama yake.

"Maisha yangu yote," alikuwa akisema, na hapo mkewe alikuwa ameshaanza kutabasamu juu ya cherehani, "sijaacha kisahani ndani ya bomba la mtu. Hata kimoja."

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha pembeni, na kando ya cherehani ulikaa mto wake wa pini, mwekundu, mdogo, uliopauka kwa kushikwa. Mto ule ulikuwa mzito ajabu. Sikio alipokuwa mtoto uliwahi kumwangukia kidoleni akalia mchana kutwa, na mama alimwambia ameujaza mchanga ili usitoroke mezani. Tangu hapo hakuna aliyeugusa ila mwenyewe.

Mtoto akakua na hadithi za visahani masikioni, naye alipofika umri wa kuchagua kazi akachagua iliyopakana na ya baba. Yeye hafungi mabomba, huyachungulia, tena yakiwa na maji yake humohumo, bila kuzima chochote. Wenzake walimwita Sikio kwa sababu nusu ya kazi hiyo ni kusikiliza.

Alipopangiwa kwenda hospitali kukagua mabomba ya wodi ya watoto, alimwambia bosi wake mapema kwamba kazi ile ni ya mkono wa baba yake. Bosi akajibu kwamba ndiyo maana anamtuma yeye, kwa kuwa hakuna mkaguzi mkali kama mtoto anayetaka baba yake aone kwamba naye ni fundi. Sikio akachukua mkoba wake, maana ilikuwa kweli.

Mhandisi wa hospitali aliwapokea Sikio na mwenzake mlangoni, bwana mrefu, mpole, mwenye viatu vinavyolia kila akikanyaga. Akaeleza shida yake. Wodi imejaa. Mabomba yakikaushwa, sheria hairuhusu mtoto alale chini yake hata usingizi wa mchana, na humo kuna watoto wamefungwa mashine za kuwasaidia kupumua, awahamishie wapi? Sikio akamwambia asiwe na wasiwasi, wao wamekuja kuyatazama yakiwa hivyohivyo yalivyo. Aliyekuja naye ni mwenzake wa siku zote, Bonge, mshika ngazi asiye na mfano. Ngazi iliyoshikwa na Bonge haiendi popote.

Wakatoa vibao vya dari vya ukumbini, Sikio akapanda. Akapaka bomba ute baridi unaoteleza, akaligusisha kidude chake, akatazama kioo cha mashine. Sauti ambayo sikio la mtu haliipati huingia kwenye chuma, hupita majini, hugonga upande wa pili na kurudi. Ikirudi kabla ya wakati wake, kuna neno.

Muuguzi mkuu, mama mnene wa kucheka, alisimama chini akamtazama akipaka ute ule, akamuuliza mimba hiyo ina miezi mingapi. Sikio akamjibu kwamba bado changa, lakini mtoto anacheza vizuri. Wauguzi wakacheka, na watoto walioweza kutembea wakaja mlangoni kumwona bomba mjamzito.

Kisahani cha kwanza kilikuwa mahali pake, kimevaa vumbi. Sikio akakifuta kwa dole gumba, akaona namba moja na mkia wa samaki. Akajikuta amekiambia shikamoo, kwa kuwa kilikuwa kimemzidi umri. Cha pili nacho akakisalimia, na cha tatu, na alipofika cha sita alikuwa akiimba kimoyomoyo. Kuta za bomba zilikuwa nzima, maji yamejaa sawasawa, waya umepindwa kwa ule mpindo anaoujua tangu utotoni. Alijivunia baba yake mpaka akaona haya peke yake juu ya ngazi.

Tundu la saba lilikuwa karibu na dirisha la mwisho. Waya ulikuwepo, umepindwa vilevile, ila haukushika kitu.

Akapapasa juu ya bomba, nyuma ya bomba, juu ya vibao vya pembeni. Hamna. Akapaka ute, akasogeza kidude mbele kidogo ya tundu, na sauti ikarudi mapema. Ndani ya bomba, chini, kulikuwa na kitu kimelala. Akarudia mara nyingine na nyingine, na kitu kile kikaendelea kulala palepale bila aibu.

Alipomweleza Bonge, Bonge akakuna kichwa. Ana moyo laini yule, na moyo laini humtafutia mwenzake njia za panya. Kwenye mkoba wao kulikuwa na kisahani cha kazi ya juma lililopita, kipana takriban vilevile. Waya upo. Msumari upo. Nani atajua? Sikio alikishika kisahani kile mkononi, na niseme ukweli, alikishika muda mrefu kuliko inavyompasa mkaguzi. Nyuma yake mtoto mmoja alikuwa bado anauliza kama bomba litajifungua leo. Akakirudisha mkobani.

"Nani atajua? Hawa watajua," alimwambia Bonge, "siku ikifika."

Akaenda kwa mhandisi akamweleza yote, pamoja na kwamba aliyefunga ni baba yake. Mhandisi akasikiliza hadi mwisho. Akasema ikiwa ni kisahani hakuna ujanja, bomba litakaushwa na kukatwa, na watoto watahamishwa, Mungu anajua wapi. Lakini kwanza wahakikishe. Kesho waingize kamera, maji yakiwa ndani, waone kwa macho.

Jioni ile Sikio aliingia nyumbani. Mama alikuwa chumba cha pembeni, cherehani ikiunguruma, anamalizia magauni ya harusi ya watu. Baba alikuwa sebuleni. Sikio akafunga mlango wa kati, akakaa karibu naye, akamwambia kwa sauti ya chini.

Baba hakupandisha sauti. Aliuliza kama waya upo, akaambiwa upo. Mikono yake ikaanza kucheza hewani, mmoja umeshika keekee ya kutobolea isiyoonekana na mwingine unakinga kisahani kisidondoke, kama vile anaitafuta siku ile kwa vidole.

"Nilikifunga," alisema. Kisha vidole vikasimama, akasema, "Nadhani nilikifunga."

Hiyo nadhani ndiyo iliyomuuma Sikio. Katika maisha yake hakuwahi kumsikia baba akidhani jambo lolote kuhusu bomba.

"Usimwambie mama yako," baba akasema. Wengine wote aliowasimulia walikuwa wapitaji, wangesahau. Mkewe alikuwa ameisikiliza hadithi ile tangu ujana wao, na kila mara alitabasamu. Kumpotezea tabasamu lile aliona ni hasara asiyoweza kuilipa. Basi wakakubaliana kumficha. Chakula kilipoandaliwa baba alikisogeza sogeza kwenye sahani, na alipoulizwa akasingizia jino.

Asubuhi alivaa ovaroli yake ya zamani, ambayo kwa tumbo la sasa ilifunga kwa taabu, akamwambia mkewe anaongozana na binti yao hospitali kumtazama rafiki yake mgonjwa. Mkewe akamtazama juu hadi chini. Mtu gani huenda kutazama mgonjwa na ovaroli? Lakini hakusema neno, na waliomzoea walijua kwamba mama akinyamaza hivyo kuna jambo linapikwa.

Hospitalini mhandisi alimwamkia mzee shikamoo kwa heshima zote, akamletea kiti. Mzee hakukaa. Alisimama chini ya ngazi amekunja mikono, akimtazama binti yake akifanya kile ambacho enzi zake kingeitwa wazimu, yaani kutoboa bomba lililojaa maji. Sikio alilifunga bomba bano lenye koki, akapitisha keekee ndani ya koki, akatoboa taratibu. Meno ya keekee yalipopenya, kisahani kipya kikang'ang'ania humohumo kwenye keekee kama ilivyotakiwa. Akaivuta, akafunga koki, na chini hayakudondoka zaidi ya matone mawili meusi yenye harufu ya sarafu za zamani. Kabla ya kufanya jambo lingine lolote, alikwaruza kisahani kile kwa msumari, akakifunga kwa waya kando ya tundu.

Mzee akaona. Akatazama pembeni.

Kamera ilikuwa nyembamba mfano wa mlija, ina taa kichwani. Ikapita kwenye koki kupitia mpira unaoibana maji yasitoke, ikaingia. Wote wakainamia kioo: mhandisi, Bonge, muuguzi mkuu ambaye hakuitwa, na mzee. Palikuwa na maji ya rangi ya chai iliyokolea, kuta zenye vipele vya kutu hapa na pale. Kisha mbele yao, sakafuni mwa bomba, kikatokea kilima.

"Sukuma," mzee akasema kwa sauti kavu.

Sikio akasukuma. Kilima kikatimka. Kioo kikawa giza, na maji yalipotulia waliona kwamba lilikuwa tope tu, tope la kutu lililojikusanya mahali bomba lilipolegea kidogo. Kamera ikapita katikati yake ikaendelea mpaka mwisho wa bomba kubwa. Chuma hakuna.

Bonge akapiga kofi moja la furaha, likasikika wodi nzima. Sikio akashuka ngazi akitaka kumkumbatia baba yake. Lakini mhandisi hakuwa amecheka. Akasema kwa upole uleule kwamba tope si shida, litasukumwa nje kwa koki ya mwisho bila kuzima kitu. Ila kisahani cha saba hakipo kwenye waya, na hakipo mahali kamera ilipopita. Mabomba madogo ya kuingia vyumbani yapo mengi, kamera haipindi huko. Kama kiliingia mojawapo, kinamsubiri mtoto wa mtu. Hana budi kukata.

Hakuna aliyeweza kumlaumu. Alikuwa anasema yaleyale ambayo mzee alikuwa akiyasema sebuleni miaka yote.

Mzee ndipo akakaa kwenye kile kiti. "Mhandisi ana haki," alisema. "Mtu asiyejua kisahani chake kilipo asiseme hakipo ndani. Kateni. Na mkiulizwa ni kazi ya nani, semeni ni yangu." Sikio akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa amefanya kazi yake barabara, na alitamani angeifanya vibaya.

Wakiwa katika hali hiyo, mama akatokea mwisho wa ukumbi. Amebeba chupa ya chai mkono mmoja na mkoba wake wa kushonea mkono mwingine, maana alikuwa anatokea kumpima bibi harusi nguo. Langoni alikuwa ameulizia mzee mwenye ovaroli, akaelekezwa huku. Akauliza mgonjwa yuko wapi, kwa sababu amemletea chai.

Muuguzi mkuu, ambaye ulimi wake haukujua kukaa, akanyoosha kidole darini akasema mgonjwa ndiye yule, amepotelewa na kisahani chake cha saba na sasa anapelekwa kupasuliwa.

Mama akatazama dari. Akamtazama mumewe kitini na ovaroli yake iliyombana. Akatazama dirisha la mwisho. Halafu akaweka chupa ya chai chini polepole.

"Cha saba," akasema, "ni kile kilichokuwa hapa dirishani?"

Mzee akainua kichwa.

Mama hakungoja jibu. Akaketi kwenye benchi, akafungua mkoba, akatoa mto wake wa pini. Akazichomoa pini moja moja akazipanga kwenye mtandio wake, akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua mshono. Sikio akakumbuka kidole chake cha utotoni. Pamba ikatoka, na baada ya pamba kikatoka kisahani cha chuma, kinang'aa, hakijaona kutu hata chembe. Saba yenye kimstari katikati, na mkia wa samaki.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, wala hawakutaja kwamba wakati mwingine huwa kimefunikwa kwa kitambaa chekundu na kuzungukwa na pini.

Ikabidi aeleze, naye akaeleza bila haraka. Jengo lilipokuwa likimaliziwa, yeye ndiye aliyepewa kushona mapazia ya wodi ile. Kila siku alikuja kupima madirisha, na kila siku kijana mmoja fundi alikuwa juu ya ngazi anapiga mluzi. Yeye akiingia, mluzi unakatika na kijana analitazama bomba, kwa namna ambayo hakuna bomba liliwahi kutazamwa. Siku zikapita. Akajisemea kwamba huyu hata nikianguka dirishani atauliza kama bomba limepona. Lakini alikuwa amegundua jinsi kijana alivyovipenda visahani vyake. Basi mafundi walipokwenda kula mchana, akapanda ngazi yao, akakifungua kimoja na kuupinda waya kama ulivyokuwa, akijua kwamba mwenyewe atakitafuta, atauliza, na wa kuulizwa ni yeye peke yake.

"Nikakaa nimejiandaa na jibu langu," mama akasema. "Kesho yake watu wa dari wakawahi kuliko nyinyi, wakafunika kila kitu. Hujakitafuta hadi leo. Mapazia yakaisha, ikabidi nikuulize mwenyewe kama una ulimi."

Muuguzi mkuu akawa amejishikilia ukutani, mbavu hana. Bonge alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa chenye ute wa bomba. Mhandisi akakipokea kisahani kwa mikono miwili, akapanda ngazi na Sikio wakakilinganisha na tundu. Kikakaa barabara. Mhandisi akashuka, akamrudishia mama kisahani, na kwa mara ya kwanza tangu jana akacheka, akasema hakikatwi kitu hapa na watoto walale.

Mzee peke yake alikuwa hajacheka bado. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Miaka yote hiyo unanisikiliza nikisema hata kimoja," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kusimulia," mama akamjibu. "Na mimi napenda unavyosimulia."

Hapo mzee akacheka, kicheko kilichoanzia kwenye lile tumbo hadi kifungo kimoja cha ovaroli kikakatika, kikaruka. Akasema mgongo upende usipende atapanda mwenyewe kukifunga kisahani chake. Wakamzuia, hakuzuilika. Bonge akaishika ngazi kwa nguvu zake zote, Sikio akashika upande wa pili, na mzee akapanda kidato kwa kidato, huku watoto mlangoni wakimhesabia. Alipofika juu akaunyoosha waya, akateremsha mkono apewe.

Mama akasogea chini ya ngazi na kisahani chake mkononi. Hakukitoa.

"Hiki si chako bado," alisema. "Mwenyewe ni kijana mmoja, hajaja kukiulizia."

Mzee akaduwaa na mkono wake hewani. Akawatazama wauguzi, akamtazama mhandisi, akamtazama binti yake aliyekuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Akasafisha koo. Uso wake wote ukaingia haya, haya ileile ya enzi zile, na safari hii hakuligeukia bomba.

"Dada, samahani," akasema. "Nimepoteza kisahani changu. Hukukiona popote?"

"Ninacho mimi," mama akasema. "Mbona umechelewa?"

Akampa, lakini mkono wake hakuuachia upesi.